Elfu mbili za mtoto na hesabu ya nyumba nzima

Maandishi ya mazungumzo ya Jumamosi baada ya swala ya Alasiri, Machakos mjini. Tumeyaweka hapa kwa wale ambao hawakufika.



Ndugu zangu na dada zangu, wiki iliyopita mmoja wenu alinifuata baada ya darsa akaniuliza swali. Akasema, "Ustadh, mdogo wangu ana mtindio wa ubongo. Tunaishi kwa susu, na susu anapokea pesa ya Inua Jamii kwa sababu ya binamu zangu mayatima. Sasa tunaambiwa tumwandikishe huyu mdogo kwa pesa ya walemavu. Akiandikishwa, ile ya mayatima itakatwa?"

Nikamwambia, nipe wiki. Kusema kweli ulimi ulishataka kujibu pale pale, si mnajua sisi tukishika maikrofoni hatupendi kusema "sijui". Lakini hili ni swali la chakula cha watu. Ukimjibu mtu vibaya kuhusu swala atailipa. Ukimjibu vibaya kuhusu pesa ya susu, nyumba inalala njaa.

Kwa hivyo leo tunajibu swali la huyu dada. Na wewe unayesoma hii kwenye simu, usiseme halikuhusu kwa sababu kwenu hakuna mtoto mwenye ulemavu. Kwa jirani yuko. Pengine hujamwona kwa sababu hatolewi nje.

Kwanza tuelewane hii pesa ni nini. Inua Jamii ni mpango wa serikali wenye mifuko kadhaa ndani yake. Kuna wa mayatima na watoto walio hatarini, ulioanza kwa majaribio 2004. Kuna wa wazee. Kuna wa watu wenye ulemavu mkubwa, ulioanza 2011. Kule kaskazini, Turkana, Marsabit, Wajir na Mandera, kuna wa kukabili njaa. Huu wa walemavu unalipa shilingi 2,000 kwa mwezi, na kwa miaka mingi ilikuwa ikitumwa ya miezi miwili pamoja, 4,000. Ikichelewa, na huchelewa, mama anakopa unga dukani kwa jina la pesa ambayo haijafika.

Angalieni tena huo mwaka: 2011. Mtoto aliyezaliwa mwaka ule leo ameshabaleghe, swala ni wajibu kwake, na kwa miaka mingi ile elfu mbili haijaongezeka hata shilingi. Unga umepanda, nauli imepanda, pampasi za mtoto mkubwa hata tusizitaje. Elfu mbili imekaa tu.

Na wanaosema "ulemavu mkubwa" hawamaanishi kila ulemavu. Wanamaanisha mtu anayehitaji mwingine muda wote: kulishwa, kuogeshwa, kupelekwa chooni, kulindwa asijidhuru. Pesa hupokelewa na mlezi wake. Hesabu ya watu ya 2019 ilipata Wakenya zaidi ya 900,000 wenye ulemavu, kuanzia umri wa miaka mitano. Lakini orodha ya wanaolipwa kwenye huu mfuko ilikaa miaka mingi kwenye takriban 47,000 nchi nzima. Kwa hivyo usifikiri ukiandikishwa ndio umelipwa. Kuna kuandikishwa, kuna kukaguliwa, kuna kuingizwa kwenye orodha, halafu kuna kusubiri nafasi.

Sasa jibu. Dada, jibu ni ndiyo, inaweza kukatwa. Vigezo vya mfuko wa ulemavu havimwangalii mtoto peke yake, vinaiangalia nyumba. Vinauliza: hii nyumba ni maskini kabisa? Kuna mtu humu anapokea pensheni, au ana mshahara wa kila mwezi? Na hii nyumba iko tayari kwenye mpango mwingine wa pesa za serikali? Hilo la mwisho ndilo lenu. Nyumba ya susu iko kwenye mfuko wa mayatima. Kwa macho ya karatasi, hiyo nyumba imeshasaidiwa.

Ione hesabu yake. Mayatima watatu na susu: elfu mbili. Mayatima watatu, susu, na mtoto asiyeweza kujigeuza kitandani: elfu mbili. Huyu mtoto kwenye karatasi ameongeza sufuri. Lakini usiku ni susu anayeamka, na asubuhi ni wewe dada unayechelewa shule kwa sababu unamwogesha.

Kuna kitu kimoja watu hawaambiwi, na ningekuwa na nafasi ya kusema kitu kimoja tu leo ningesema hiki. Mfuko wa mayatima una ukomo wa umri. Mtoto akifikisha 18 anatoka. Ulemavu hautoki na miaka 18. Kwa hivyo nyumba ikilazimishwa kuchagua mfuko mmoja, haichagui kati ya elfu mbili na elfu mbili. Inachagua kati ya pesa yenye tarehe ya kuisha na pesa isiyoisha kwa sababu ya umri. Nyumba ikiwa na yatima wa miaka 16 na mtoto mwenye ulemavu wa miaka 7, hesabu iko wazi. Ila kamwe, nasema kamwe, usiachie tawi kabla hujashika lingine. Kuna watu wamejitoa kwenye mfuko mmoja kwa kuambiwa kwa mdomo "huku tutawaingiza", na huko hawakuingizwa. Taka maandishi kwanza, na mkono mwingine ukiwa bado umeshika.

Na susu mwenyewe? Kama amefikisha 70, hilo ni jambo la pembeni lakini ni zuri. Tangu 2018 pesa ya wazee inamfuata mzee mwenyewe kwa umri wake, bora awe hapokei pensheni. Hiyo anaandikishwa kwa jina lake.

Nenda pia ukachukue kadi. Kadi ya Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu si pesa, na kuwa nayo hakukati pesa ya mtu yeyote. Nimekutana na familia zilizokataa kumpeleka mtoto kupimwa kwa hofu kwamba jina lake likionekana kwenye kompyuta, ya mayatima itasimama. Kadi ni utambulisho tu. Mtoto anapimwa kwenye hospitali ya serikali iliyoidhinishwa, hapa kwetu ni Machakos Level 5, daktari anajaza fomu, na usajili unafanyika kupitia eCitizen au ofisi ya baraza ya kaunti. Bila hiyo kadi, siku sheria ikibadilika ikawa nzuri, mtoto wenu hatakuwa kwenye hesabu.

Wacha sasa nihamie upande wa pili, upande wa wenye mshahara. Wengi wenu wazazi wenu hawako kwenye Inua Jamii. Wako Athi River viwandani, wako Mlolongo, wengine ni walimu. Mtasema hii si yetu. Subiri.

Nitunge mfano. Baba anafanya kazi kiwandani Athi River, mshahara shilingi 30,000. Ana mtoto mwenye ulemavu mkubwa. Mama aliacha kuuza mitumba kwa sababu mtoto haachiki. Tuangalie karatasi ya mshahara ya huyu baba. Bima ya afya ya SHA, asilimia 2.75, ni 825. Ya nyumba, asilimia 1.5, ni 450. NSSF, asilimia 6, ni 1,800. Kinachobaki cha kutozwa kodi ni 26,925. Kwenye hiyo, 24,000 ya kwanza inatozwa asilimia 10, yaani 2,400. Ile 2,925 ya juu inatozwa asilimia 25, kama 731. Jumla 3,131. Halafu anapewa nafuu ya 2,400 ambayo kila mlipa kodi hupewa. Mwisho wa siku analipa kodi 731. Ukijumlisha na makato yale mengine, zinazotoka ni 3,806.

Mwenzake kwenye mashine ya pili, kijana hana mke wala mtoto, mshahara ule ule, anakatwa 3,806 ile ile. Hakuna mahali popote kwenye hiyo karatasi panapouliza: una mtoto? Mtoto yuko vipi? Nafuu yetu ya kodi haimjui mtoto.

"Lakini Ustadh, si kuna msamaha wa kodi kwa walemavu?" Upo, na ni mzuri. Chini ya sheria ya 2003, mtu mwenye ulemavu mwenye kadi aliyekubaliwa na KRA hakutozwa kodi ya mapato kwenye shilingi 150,000 za kwanza kwa mwezi. Lakini usome vizuri: ni mtu mwenye ulemavu mwenye mapato. Mtoto wa miaka 7 hana mapato. Mwenye mapato ni baba, na baba hana ulemavu.

Mmeona alipo huyu mtu? Akienda mlango wa Inua Jamii anaambiwa, wewe una mshahara, nyumba yako si maskini kabisa. Akienda mlango wa kodi anaambiwa, mlemavu si wewe, ni mtoto. Mlango mmoja umeihesabu nyumba nzima ili mtoto akose. Mlango wa pili umemhesabu mtu mmoja mmoja ili baba akose. Amekosa mwana na maji ya moto.

Hapa ndipo ninapokasirika, Allah anisamehe. Serikali inaruhusiwa kuhesabu nyumba, au kuhesabu mtu. Zote ni njia. Lakini huwezi kuchagua nyumba pale inapokufaa kunyima, halafu ukachagua mtu pale inapokufaa kutoza.

Sheria mpya ya Watu Wenye Ulemavu ilipitishwa 2025 na ikachukua nafasi ya ile ya 2003. Kwa hivyo mtu akikujibu kwa sheria ya zamani, mwambie kwa adabu kwamba imeshaondoka. Kazi ya kwanza ninayowapa ninyi mnaosoma chuoni ni kuichapisha sheria hii, mkae watu watatu, msome vifungu vya kodi na vya walezi neno kwa neno, halafu mwende KRA na ofisi ya baraza na swali moja lililoandikwa: mzazi mwenye mshahara, mwenye mtoto asiyeweza kujihudumia, anapata nafuu gani, na anaiomba kwa fomu gani? Msikubali jibu la mdomo. Jibu la mdomo halina muhuri.

Kuna wenzetu wamelifanya tofauti, tujifunze bila kuwaabudu. Uingereza, ambako Waislamu wengi wa Afrika Mashariki wanaishi, kwa miaka mingi familia zenye watoto zilikuwa zinapata msaada unaopitia mamlaka ya kodi. Mfumo huo ulifungwa tarehe 5 Aprili 2025, na sasa kazi hiyo inafanywa na kinachoitwa Universal Credit. Kule, mtoto akipewa posho yake ya ulemavu, haihesabiwi kama mapato ya wazazi. Kinyume chake, ile posho inakuwa ushahidi, na msaada wa familia unaongezewa kitu. Mlango mmoja ukifunguka unasukuma wa pili. Kwetu mlango mmoja ukifunguka, upepo unafunga mwingine.

Na wao wana taabu yao. Posho ya mtoto ikisimamishwa, ile nyongeza ya familia nayo inaanguka, yaani pigo mbili kwa barua moja. Mzazi asipotoa taarifa mapema anaweza kugeuziwa deni. Mtoto akifika 16 anaanza kukaguliwa upya kama mtu mzima. Kwa hivyo sisemi tukawaige. Nasema tu kwamba mtu akikwambia haiwezekani kuzifunga hizi hesabu mbili zisaidiane, imeshawezekana mahali.

Ila sisi Waislamu hatukuhitaji kwenda mpaka London. Sikilizeni habari ya Umar ibn al-Khattab, Allah amridhie, wengi mmeisikia lakini pengine si kwa sikio hili. Umar alikuwa amepanga posho kutoka hazina ya Waislamu, na kwa watoto posho ilianza mtoto akishaachishwa ziwa. Kwenye karatasi haina ubaya. Mtoto anayenyonya analishwa na mamake, akiacha anahitaji chakula, basi apewe.

Usiku mmoja msafara wa wafanyabiashara ukapiga kambi Madina. Umar na Abdurrahman ibn Awf wakatoka kuwalinda. Umar akasikia mtoto analia, akamwendea mama akamwambia amche Allah, amwangalie mwanawe. Akarudi mahali pake. Mtoto akalia tena, akaenda tena. Mara ya tatu, alfajiri imekaribia, akamlaumu yule mama, mbona huyu mtoto hajatulia usiku mzima? Mama hakujua anaongea na nani. Akamwambia kwamba amemchosha usiku kucha. Anamwachisha mtoto ziwa naye hataki. Kwa nini unamharakisha? Kwa sababu Umar hampi posho mtoto mpaka aachishwe.

Inapokewa kwamba aliswalisha Alfajiri na watu hawakuweza kusikia kisomo chake vizuri kwa kulia. Kisha akaamuru itangazwe: msiwaharakishie watoto wenu kuacha ziwa, posho inaanza tangu mtoto anazaliwa. Akaandika hivyo kwa magavana wote.

Angalia alichokifanya na ambacho hakukifanya. Hakumwita yule mama mwongo wala mlafi. Hakusema watu wanatumia vibaya pesa za umma. Alielewa kwamba kanuni aliyoiandika yeye, kwa nia njema, imesafiri mpaka kwenye kifua cha mama na kumtoa mtoto mdomoni. Akabadilisha kanuni. Na alijua kwa sababu alitoka usiku akaenda kusikiliza. Hakungoja ripoti.

Sasa sisi yule mtoto tunamsikia wapi? Tunamsikia kwenye nyumba zinazogawanywa kwa uongo. Mtoto mwenye ulemavu anahamishwa kwa shangazi ambaye hana nafasi naye, ili aonekane anaishi nyumba nyingine. Mume anafichwa, mke anaandikwa hana mume. Kijana amepata kibarua cha mshahara na anaogopa kukisema nyumbani, kwa sababu mshahara wake utaifanya nyumba isiwe tena "maskini kabisa", na mshahara wenyewe ni wa miezi mitatu.

Mtaniuliza hukumu. Uongo ni haramu, sitawalainishia. Pesa ya hazina ni amana, na ukiandika nyumba mbili wakati ni moja, umechukua nafasi ya mwingine aliye kwenye foleni. Lakini nikishasema hivyo kwa yule mama, lazima niwe na uso wa kumwambia aliyeandika kanuni: wewe ndiye umemfanya mtoto aachishwe ziwa usiku. Tukisema la kwanza tu na kunyamaza la pili, tumekuwa maafisa wa serikali wenye kofia.

Na kabla hatujafika kwa serikali, tufike hapa msikitini. Kuna kamati za zaka, sitaji ya wapi, zikisikia nyumba fulani inapata Inua Jamii zinalifuta jina. "Hao wanasaidiwa na serikali." Mimi nimekaa kwenye kikao kama hicho na nilinyamaza, na bado najilaumu. Elfu mbili ya mtoto ikafanya nyumba ikose zaka ya Ramadhani ambayo ilikuwa zaidi ya elfu mbili. Yaani sisi wenyewe tumetengeneza kile kigezo tunachokilalamikia: upo kwenye mpango mwingine, basi toka.

Sasa fiqhi inasemaje? Sisi huku wengi ni Mashafii. Maskini kwa wanazuoni wetu si yule asiye na kitu kabisa. Ni yule mwenye kitu ambacho hakimtoshi. Na dalili yao moja ni ile jahazi kwenye Suratul Kahf, ile ambayo Khidr aliitoboa. Wenyewe Qur'an inawaita masakini, na walikuwa na chombo, walikuwa na kazi baharini. Kuwa na kipato hakukuwatoa kwenye umaskini. Kwa hivyo swali la kamati ya zaka si "mnapata chochote?" Swali ni "mnachopata kinatosha?" Ukiwa na mtoto anayehitaji mtu saa 24, kutosha kwako si kutosha kwa jirani yako. Msichana aliyeuliza lile swali, nyumba yao ina haki ya kuangaliwa kwenye zaka hata kama susu ana mifuko miwili. Nimeshaongea na wazee wetu hapa. Wameahidi kuliangalia kabla ya Ramadhani. Nitawakumbusha, na ninyi mnikumbushe.

Tuje kwenye vitendo, kwa sababu jua linashuka.

Nyumba hubadilika, na kila badiliko lina karatasi yake. Mlezi akifariki au akiolewa akahama, pesa haijui. Inaendelea kutumwa kwa jina la marehemu, au inasimama, na mtoto anakaa miezi bila kitu huku familia ikidhani "bado hawajatuma". Siku ya nne baada ya mazishi, mtu mmoja awe na kazi ya kwenda kwa chifu na ofisi ya ustawi wa jamii ya kaunti ndogo kubadilisha mlezi, na cheti cha kifo na kitambulisho cha mlezi mpya. Najua ni matanga. Fanya hivyo hivyo. Mkihama kutoka Mwala kwenda kupanga Mlolongo, toeni taarifa kabla ya kuhama, kwa sababu orodha inafuata eneo. Ukifanyika uhakiki wa kuthibitisha kwamba mnufaika yuko hai, apelekwe, hata kama ni kwa kubebwa. Kijana mwenye pikipiki hapa amesimama, huyo ni wa siku hiyo. Na kijana mwenye ulemavu akikaribia 18, anzeni kitambulisho chake mapema.

Jina likikatwa, usilie kwanza, andika kwanza. Katiba yetu, kifungu cha 43, inasema kila mtu ana haki ya hifadhi ya jamii, na dola inawajibika kuwapa msaada wasioweza kujikimu. Kifungu cha 47 kinasema uamuzi wa ofisi ukikuumiza, una haki ya kupewa sababu kwa maandishi. Ukitaka kujua vigezo, kuna kifungu cha 35 na sheria ya kupata habari ya 2016, na ofisi ina siku 21 za kukujibu. Wasipojibu, peleka malalamiko kwa Tume ya Haki ya Utawala, ile watu huiita Ombudsman. Haigharimu wakili. Inahitaji mtu anayejua kuandika barua ya ukurasa mmoja yenye tarehe, jina, namba ya kitambulisho na ombi moja. Ukurasa mmoja, ndugu zangu. Nimeona mmoja wenu ameandika kurasa nne na aya saba za laana.

Na tafadhali, msiwapige picha hawa watoto mkawaweka kwenye ukurasa wetu na namba ya M-Pesa chini. Najua nia. Lakini huyo mtoto akifika miaka 20 picha yake akiwa uchi nusu, anadondosha mate, bado iko kwenye simu za watu. Yeye si tangazo. Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, alikemewa kutoka mbinguni kwa kumgeuzia uso kipofu mmoja, Ibn Umm Maktum, aliyekuja kujifunza. Na baadaye alimwachia Madina aiangalie na kuswalisha watu. Mtu mwenye ulemavu kwetu aliachiwa mji.

Dada uliyeuliza, nimekujibu nusu, nusu iliyobaki iko kwenye karatasi za susu. Jumamosi ijayo uje nazo: kitambulisho chake, vyeti vya kuzaliwa vya watoto wote, kadi ya benki, na chochote walichowahi kumpa ofisini hata kama kimechanika. Tutakaa wewe, mimi, na wale watatu wa sheria mpya, na tutaandika barua pale pale. Jumatatu saa mbili asubuhi kuna mtu wa kumsindikiza susu Level 5 na mtoto. Nauli iko.

Wengine wenye nyumba kama hii, njooni saa tisa, kabla ya Alasiri, ili tusikimbizane na Magharibi.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.